Furaha Iliyozidi Kiwango

Nchi nitakayowasimulia haipakani na nchi yenu, kwa hiyo tulieni. Kwenu jambo likitokea huitwa kwa jina lake siku hiyohiyo, na aliyelitaja hurudi kulala nyumbani kwake. Nimesikia hivyo na nimeamini, maana mimi ni mtu wa kuamini. Kwetu mambo yana utaratibu zaidi.

Kwetu ugaidi ulikomeshwa na bunge. Waheshimiwa waliketi asubuhi, wakapitisha Sheria ya Kukoma kwa Ugaidi, na chai ya saa nne ilipoletwa ulikuwa umeshakoma. Mara ikatoka amri kwamba kila msafiri, kabla ya kupanda basi, lazima akate bima ya ugaidi. Msicheke. Redio ilieleza vizuri tu: mwananchi anayejikinga na kitu kisichokuwepo ndiye anayeonyesha imani kamili kwamba hakipo. Anayekataa bima ana lake jambo.

Mimi nilikuwa karani wa bima hiyo, Shirika la Bima Tulivu, stendi kuu, dirisha lile lenye pazia la kijani. Naitwa Nassibu Mapande. Kazi yangu niliipenda, na hapo sitaki utani.

Bima yenyewe ilikuwa nzuri, asiwadanganye mtu. Mwenye bima akiumizwa na ugaidi popote nchini, ndege ya shirika inamfuata hukohuko na kumleta Hospitali Kuu. Ndege ilikuwepo kweli. Nyeupe, imeandikwa Njiwa ubavuni, inaoshwa kila Jumatatu, na Siku ya Taifa ilivutwa na trekta mbele ya jukwaa kuu ili watu wapige makofi. Kuruka haikuwahi kuruka, kwa sababu ugaidi haukuwepo. Rubani wake alikuwa amenenepa mpaka mkanda wa kiti ukawa haumtoshi.

Kuna jambo moja la majina ya miji lazima mlijue. Kwetu mji ukipatwa na kishindo, serikali huubadilisha jina ili wakazi wasibaki na kumbukumbu mbaya. Kaskazini kulikuwa na mji unaoitwa Kibaoni. Ulipopata kishindo cha kwanza ukaitwa Shwari. Ulipopata cha pili ukaitwa Shwari Kabisa. Abiria akisema dirishani kwangu anakwenda Matopeni, wenzake kwenye foleni waliendelea kumenya karanga zao. Akisema anakwenda Shwari Kabisa, walimpisha mbele, na akina mama wakamwombea dua bila kutoa sauti.

Ndivyo walivyompisha fundi Hizza.

Fundi Hizza alikuwa mpambaji wa majukwaa. Vitambaa, maua ya plastiki, taa za rangi, hayo yote mikono yake. Serikali ilimwita Shwari Kabisa akapambe jukwaa la Sherehe za Kukumbuka Kukoma kwa Ugaidi. Alikuja dirishani na mabunda ya nyaya begani, anacheka na kila mtu, na mkewe Bi Mwanakombo nyuma yake amembebea chakula cha njiani. Bi Mwanakombo hakuwa anacheka.

Nikawasomea masharti. Mimi nilikuwa namsomea kila abiria masharti yote, kuanzia kipengele cha kwanza hadi cha mwisho, hata foleni ikisonya mpaka barabarani. Wenzangu walisema nina kiherehere. Nasema hivi: mtu asiyesomewa masharti hajakata bima, amekata karatasi. Nikamwambia fundi Hizza kwamba hofu haina fidia, yaani akiogopa njiani akageuza, shauri yake. Nikamwambia tukio halilipwi mpaka Kamati ya Kutaja Matukio ilitaje kuwa ni ugaidi. Nikamwambia pia kwamba tukio ambalo shirika lilijua kabla kwamba litatokea halilipwi kabisa, kwa kuwa bima ni ya mambo ya ghafla.

"Mzee, ukimaliza kusoma hiyo sherehe itakuwa imekwisha," akasema fundi Hizza.

Bi Mwanakombo alikuwa anaangalia ramani yangu ukutani. Niliipaka rangi mwenyewe. "Mbona Shwari Kabisa umeipaka nyekundu?"

Mtu akiniuliza habari za kazi yangu nasahau hata kukaa. Nikasimama. "Mama, sisi watu wa bima hatari tunaijua kabla haijafika. Tunaangalia nani anahamisha watoto wake, nani anafunga duka mapema, wapi askari wameacha kunywa chai nje. Shwari Kabisa ni nyekundu tangu mwezi uliopita. Mimi kwa uzoefu wangu nasema haitapita mvua hii."

"Kama mnajua, kwa nini hamsemi?"

"Kusema ni kutia watu hofu," nikamjibu, "na hofu haina fidia."

Halafu akamshika mumewe mkono wa shati, akamwambia arudi nyumbani. Fundi Hizza akamwambia kuwa kazi ya serikali haiachwi, wataulizwa sababu. Hilo lilikuwa kweli. Basi likaondoka naye, na mama yule akabaki amesimama palepale mpaka wafagiaji wakamwomba apishe.

Kishindo cha Shwari Kabisa kilitokea katikati ya hotuba, mgeni rasmi alipofika kwenye maneno "na kamwe hautarudi." Nasema kishindo kwa sababu siku ile bado hakikuwa na jina. Jina lilikuja jioni kwenye taarifa ya habari, na msomaji alilisoma bila kukwama. Ilikuwa Furaha Iliyozidi Kiwango. Wananchi wa Shwari Kabisa, alisema, walishangilia amani kupita uwezo wa jukwaa, na baadhi yao walizidiwa na shangwe. Wakapiga wimbo wa ngoma. Stendi nzima tulisikiliza ule wimbo hadi mwisho.

Asubuhi Bi Mwanakombo alikuwa dirishani kabla sijafunua pazia. Mkononi ana shati jeupe la mumewe, amelipiga pasi, amelikunja vizuri.

"Yu hai," akasema. "Ana chuma tumboni, kimekaa karibu na uti wa mgongo. Daktari wa kule ananiambia hawezi kukitoa, hana vifaa, na kwa gari hafiki, ile barabara itamuua njiani. Nataka ndege yenu, mzee wangu. Nimeleta na shati la kurudia."

Niliumia. Nasema wazi, niliumia, kwa maana karanga alizonipa fundi Hizza siku ile ya safari zilikuwa bado kwenye droo yangu. Lakini masharti ni masharti. "Mama, ndege inaruka kwa ugaidi. Furaha Iliyozidi Kiwango haimo."

"Imo kwenye nini?"

"Haimo kwenye chochote. Labda Kamati ibadilishe jina."

"Kamati inakaa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaniambia, "Simama twende," kama anayemwambia mtoto aliyechelewa shule, nami nikajikuta nimeshafunga dirisha. Ni kweli pia kwamba sheria inamtaka mdai aende na mwakilishi wa shirika. Sikwenda kwa huruma tu.

Kamati ya Kutaja Matukio hukaa kwenye jengo zuri lisilo na madirisha upande wa barabarani. Mlangoni askari wanakupekua, kisha wanakuuliza unakwenda kulitaja tukio gani. Ukilitaja hapo hapo umekosea, kwani hujapewa ruhusa. Bi Mwanakombo alinyamaza, na kwa hiyo tukapita.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Lubasha. Wajumbe walikaa pembeni yake, kila mmoja na chupa ya maji na sahani ya biskuti. Bi Mwanakombo akaeleza shida yake kwa ufupi. Mheshimiwa akasafisha koo.

"Mama yetu mpendwa," akasema, "taifa linakupa pole kwa furaha iliyokupata. Kumbuka kwamba furaha ni tunu, ni johari, ni matunda ya sera zetu. Zipo nchi ambazo watu wake hawajawahi kufurahi kiasi cha kwenda hospitali. Sisi tumefika huko. Na wewe, katika nyumba yako, umebahatika kuwa na shujaa wa furaha. Wajumbe, tumpigie mama makofi."

Wajumbe wakapiga makofi. Bi Mwanakombo akasubiri wamalize.

"Mheshimiwa," akasema, "furaha haina misumari. Daktari ametoa misumari kwenye mapaja ya watu kwa koleo."

Chumba kikapoa. Mjumbe mmoja akafunika chupa yake ya maji. Katibu akaomba kwa sauti ndogo kwamba neno misumari liondolewe kwenye kumbukumbu, wakaliondoa. Mheshimiwa alimwangalia mama yule kwa upole mkubwa mno.

"Sheria yetu haina roho mbaya," akasema. "Ugaidi usio na gaidi ni uvumi, na mvumishaji tunamjua anakokwenda. Lakini ugaidi ambao gaidi wake tumemshika, huo tena si ugaidi, huo ni ushindi. Ushindi tunautaja muda wowote. Tupe gaidi, mama, na ndege inaruka sasa hivi. Rubani yuko ndani ya ndege anasubiri simu. Nani alilipua?"

"Simjui."

"Fikiri."

"Nikifikiri mpaka kesho simjui, baba. Mimi nauza vitumbua."

Mheshimiwa akafungua faili, akapitisha kidole. "Mumeo alikuwa karibu na jukwaa kuliko wote. Alikuwa na nyaya. Nyaya nyingi. Usiku uliotangulia alionekana chini ya jukwaa, amelala chali, anafunga kitu." Akaliacha faili wazi. "Sisemi neno. Nasoma tu kilichoandikwa."

Bi Mwanakombo alilikumbatia lile shati.

Hapo ndipo hasira zilinipanda. Mimi ni mtu mtulivu, sina makuu, ila mteja wangu sivumilii aonewe. Nikasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, naomba radhi. Zile ni nyaya za taa za rangi, na fundi Hizza amekata bima kwangu, nimemsomea masharti yote. Mtu anayekwenda kulipua hakati bima. Tena mngetuuliza sisi wenye kazi yetu. Shwari Kabisa tuliijua mapema. Kwenye ramani yangu ni nyekundu tangu mwezi uliopita."

Mheshimiwa alikuwa ameshika biskuti. Akairudisha kwenye sahani.

"Mliijua?"

"Tuliijua, Mheshimiwa," nikajibu kwa fahari, mpumbavu mimi. "Nilisema kwa mdomo wangu haitapita mvua hii."

"Haitapita mvua hii," akarudia, na Katibu akaandika. "Na ukaendelea kuwakatia watu bima ya kwenda huko."

"Ndiyo kazi yangu."

"Jina lako nani, bwana?"

Nikamtajia. Nilimtajia na jina la babu. Mpaka hapo, wallahi, nilidhani ananiandika kwa ajili ya nishani. Niliposikia mlango nyuma yangu unafungwa kwa ufunguo ndipo nikaelewa kwamba nimejipalia makaa mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, tena nikipuliza.

Mheshimiwa akamgeukia Bi Mwanakombo. "Mama, ushahidi wa mtu dhidi ya nafsi yake hautoshi, nchi yetu ni ya haki. Huyu alisema kwamba alijua kabla? Ulisikia kwa masikio yako?"

Faili la mumewe lilikuwa bado wazi mezani. Bi Mwanakombo akalitazama, akanitazama mimi. Nilitaka kumwambia aseme hapana. Nilitaka pia kumwambia aseme ndiyo.

"Alisema," akajibu. "Nilisikia mimi na mume wangu." Na alichosema kilikuwa kweli tupu, ndiyo maana hakuweza kuniangalia tena.

Wajumbe wakasimama. Mheshimiwa akatangaza kwamba tukio la Shwari Kabisa ni ugaidi, kwamba ugaidi huo umeshindwa, na kwamba gaidi ndiye huyu hapa mwenye tai ya kahawia. Wakapiga makofi. Askari wakanishika mikono. Katibu akainua simu ya uwanja wa ndege, halafu akasita.

"Mheshimiwa, utaratibu unataka mwakilishi wa shirika athibitishe kwamba hakuna kipengele kinachozuia malipo."

"Mwakilishi yuko wapi?"

"Ndiye huyohuyo."

Mheshimiwa akaguna. Ila utaratibu ni utaratibu, hata kwa gaidi. "Karani Mapande, kuna kipengele chochote kinachozuia ndege hii kuruka?"

Ninyi mmekwisha kukisikia. Nilimsomea fundi Hizza dirishani mbele yenu: tukio ambalo shirika lilijua kabla halilipwi kabisa. Na shirika lilijua, nimetoka kuthibitisha mimi mwenyewe, na kwa sababu hiyo ndipo nimeshikwa. Kile kilichonifanya gaidi ndicho kilichofuta bima ya fundi Hizza. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuruka kipengele, hata foleni inirushie maganda. Ulimi wenyewe ulikuwa umeshaanza kwenda. Nikamwangalia mama yule na lile shati, na nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani mwangu.

"Hakuna, Mheshimiwa," nikasema. "Iruke."

Nilikuwa naingizwa kwenye gari la polisi wakati Njiwa ilipopita juu ya mji. Watu walitoka madukani kutazama. Walikuwa hawajawahi kuiona bila trekta, na wengine walikimbia wakidhani ni furaha nyingine.

Askari walichoma kila kitu kilichokuwa dirishani kwangu, kwa kuwa ni zana za gaidi. Ramani, mihuri, pazia la kijani, na kile kitabu cha masharti. Makao makuu ya shirika hawakuwa na nakala nyingine. Wao walikuwa na kipeperushi chenye picha ya ndege, kwa sababu hakuna aliyewahi kudai. Masharti kamili yakawa yamebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa changu.

Nilipo sasa panaitwa Nyumba ya Mapumziko ya Taifa. Sina la kulalamika, mapumziko ni mengi. Bi Mwanakombo huja Ijumaa na vitumbua, na askari hula vingi kabla havijanifikia. Kwa muda mrefu alikuwa anaviweka chini na kuondoka bila neno. Siku moja akakaa. Akanieleza kwamba chuma kilitoka, kwamba fundi Hizza anatembea kwa fimbo, anakaa kibarazani, na mlango ukibamizwa anajifunika kichwa.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema.

"Ulisema kweli, mama. Nani anaombwa msamaha kwa kusema kweli?"

Alilia. Na mimi nililia, kwa sababu nilifurahi yule mtu yu hai na sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwa nini yu hai. Hata yeye sijamwambia.

Siwezi kumwambia, kwa sababu ya Sheria ya Kurudisha Huduma. Kwenu haipo. Kwetu mtu aliyepewa huduma kimakosa lazima airudishe, na hali iwe kama ilivyokuwa mwanzo. Kijiji kimoja kilijengewa daraja lililokuwa la kijiji kingine. Serikali ikalivunja, kisha ikawakusanya watu wote waliokuwa wamevuka, ikawarudisha ng'ambo, wengine wakiwa wamevuka kwenda kuzika. Shirika la Bima Tulivu halijafurahi kwamba Njiwa iliruka. Ikiruka mara moja, wanasema, watu watazoea. Wanatafuta kosa. Wakilipata, fundi Hizza atarudishwa Shwari Daima, ndivyo unavyoitwa siku hizi, na hali iwe kama ilivyokuwa. Bi Mwanakombo aliniambia bila kujua anachoniambia: hospitali hawakukitupa kile chuma. Wamekiweka kwenye chupa, wamekiandikia jina la mumewe, na kila mwezi anakuja mtu kuangalia kama bado kipo.

Majuzi nimeletewa mwenzangu chumbani. Anasema amekamatwa kwa uvumi. Ni kijana mpole, ananipisha upande wenye upepo, ananigawia sigara ingawa sivuti. Viatu vyake ni safi sana kwa mtu aliyetembezwa kuja hapa. Jana aliniambia kwamba kule nje watu wanaisifu sauti yangu ya kusoma masharti, akaniomba nimsomee, tupitishe muda. Nikamsomea kwa kichwa, kuanzia kipengele cha kwanza. Nilipofika mahali fulani nikakohoa kidogo, nikaendelea na kinachofuata.

Alisikiliza vizuri, amefumba macho, vidole vinahesabu gotini. Nilipomaliza akanishukuru, akasema nina kipaji.

Leo ameniomba nianze upya, na nisome polepole.